Mganga wa Uongo wa Edmonton

Wote walicheka isipokuwa Ranjan.

Walikuwa ndani ya ghala kuukuu la Edmonton, London, lililogeuzwa studio, wakitengeneza filamu ya kuchekesha. Mwigizaji mkuu, Mwingereza aitwaye Anselm, alicheza tapeli anayejifanya mganga kutoka Afrika: anachuchumaa mbele ya chetezo cha shaba cha kufukizia udi, anatikisa kichwa, anabwabwaja maneno yasiyo na maana mpaka mwenye nyumba anatimua mbio. Maneno hayo hayakuandikwa popote. Douglas, mwongozaji, alimwambia aseme lolote litakalomjia mdomoni.

Asubuhi hiyo, katikati ya upuuzi ule, Anselm akatamka wazi kabisa, "Udi wangu uko wapi?"

Ranjan, msaidizi wa Douglas, alikuwa mzaliwa wa Mkunazini, Unguja. Alidhani amesikia vibaya. Anselm hakujua Kiswahili hata neno moja.

"Rudia!" akasema Douglas, akifuta machozi ya kicheko.

Walipoanza tena, taa kubwa ikapasuka na vioo vikamwagika zuliani. Hakuna aliyeshangaa. Ulikuwa mwaka wa migomo ya wachimba makaa, umeme ulikatika ovyo London nzima, na kila mkosi ulipata cha kusingiziwa. Lakini mikosi ikazidi. Picha zilizosafishwa zilirudi na doa jeusi kando ya Anselm, mahali pale pale, kama mtu aliyeketi. Masharubu yake ya bandia yalibanduka na ngozi. Harufu ya udi ilitanda studio nzima, na hakuna aliyekuwa amechoma udi. Wafanyakazi waliigeuza mikosi hiyo vichekesho vya kusimuliana wakati wa chai.

Aliyeacha kucheka ni Anselm mwenyewe. Ranjan alimkuta chumba cha kujipamba, amejiinamia.

"Nikiianza ile sauti haikatiki," Anselm alinong'ona. "Jana imenitoka mezani, mke wangu akalia. Ranjan, yale maneno ni ya wapi?"

"Sijui," Ranjan akajibu, bila kumtazama usoni.

Jioni, nyumbani Tottenham, alimweleza mama yake. Bi Champa alikuwa akisukuma chapati. Mikono ikasimama.

"Chetezo gani mnachotumia?"

"Kile chako, Mama. Nilikitoa kabatini. Nilidhani ni pambo tu."

Bi Champa akaketi. "Nyumba yetu ya Mkunazini ilikuwa na mwenyewe kabla yetu, mzee asiyeonekana," alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba ukuta unasikiliza. "Kila Alhamisi tulimfukizia, naye akatutunza. Yalipotokea mapinduzi tulifunga mlango tukakimbia. Hata kumuaga hatukumuaga. Na nyinyi mmechukua chombo chake, mmekitia moshi wa mchezo, mmemwita huku mnamcheka. Kesho nipeleke."

Kesho yake walipoingia studio, Anselm alikuwa amechuchumaa pale pale mbele ya chetezo, kamera imezimwa, Douglas akimsihi anyanyuke, naye hanyanyuki, midomo imekuwa ya buluu na bado inakwenda, maneno yakimtoka bila yeye kuvuta pumzi, huku harufu ya udi ikiwa nzito kiasi kwamba mafundi wa taa, wanaume wazima waliokuwa wakitania jana, walikuwa wamesogea mmoja mmoja mpaka mlangoni bila kuambizana kwa nini.

"Shikamoo, Babu," akasema Bi Champa.

Kichwa cha Anselm kikainuka taratibu. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mzee sana.

"Champa. Mmefunga mlango, mmekwenda. Nnabisha hodi kwa ndani, hakuna anofungua."

"Tulikimbia, Babu. Tuliogopa."

"Na mimi sikuogopa?"

Bi Champa alipiga magoti, akaweka udi wa kweli kwenye kaa la moto. "Mwachie huyu, ni mtoto wa watu. Hana kosa. Rudi kwako."

"Kwangu wapi?"

Bi Champa akageuza uso. Akawatazama wale watu waliosongamana mlangoni, kisha Anselm, ambaye macho yake yalikuwa yakimwomba kutoka ndani ya uso usio wake. Hatimaye aliinama, akamnong'oneza maneno machache sikioni.

Anselm akaanguka ubavu, akavuta pumzi ndefu, akaomba maji kwa Kiingereza.

Nje kulikuwa na manyunyu. Ranjan alimfungulia mama yake mlango wa mbele wa gari.

"Sikai mbele," Bi Champa akasema. Akafungua wa nyuma, akasubiri kidogo pembeni, halafu akaingia.

"Umemwambia nini, Mama?"

"Endesha, mwanangu. Polepole."

Walipofika kwenye taa nyekundu Ranjan akathubutu kuangalia kwenye kioo. Kiti cha nyuma kilitosha watu watatu. Mama yake alikuwa amejibana mlangoni, bega limegandamana na dirisha, sari yake ameikusanya yote mapajani isije ikakaliwa.