Kopo la Siku Saba

Kila asubuhi, kabla ya kwenda skuli, Yusra alikunywa chai huku akimtazama mama yake mdogo, Bi Wanu, akigombana na uso wake mbele ya kioo. Bi Wanu alikuwa na miaka arubaini na sita. Aliyavuta mashavu mpaka karibu na masikio, akayaachia, akayavuta tena, kama mtu anayetandika shuka isiyotosha kitanda.

Yusra alikuwa na miaka kumi na mitatu na hakuwa na kunyanzi hata moja, kwa hiyo jambo lile aliliona upuuzi mtupu.

"Mamdogo, nipishe kwenye kioo. Nshachelewa," alisema na kubetua midomo.

Wazazi wa Yusra waliishi Mkokotoni. Walimleta mjini asome, akawa anakaa kwa Bi Wanu, anakula kwake na kuvaa sare anazonunuliwa naye. Hayo hayakumzuia kumdharau. Skuli alimwigiza mbele ya rafiki yake Sumaiya. Alivuta mashavu, akatoa macho, wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Jumatatu moja Bi Wanu alirudi kutoka kazini kwake hotelini na kopo dogo la rangi ya dhahabu. Alilinunua sokoni Darajani kwa mtu aitwaye Ubwa, mwenye meza ya marashi na maneno mengi.

"Siku saba tu, makunyanzi yote yanafutika," alisema Bi Wanu kwa furaha. "Ubwa kaniapia."

Yusra alilichukua kopo akaligeuza huku na huku. Halikuwa na jina la kiwanda, wala tarehe, wala orodha ya vitu vilivyomo. Wiki iliyopita tu Mwalimu Simai, anayewafundisha sayansi, aliwaambia, "Krimu isiyosema ndani mna nini, msiipake hata kisiginoni. Nyingine zina zebaki, na zebaki ni sumu."

Yusra aliyakumbuka maneno yale moja moja. Alifungua mdomo aseme. Kisha akamuona Bi Wanu keshajisogeza kwenye kioo, kidole kimejaa krimu, anajichekea peke yake. Yusra akaufunga mdomo.

"Acha ajipake," alijisemea. "Mtu mzima mjinga kiasi hiki ataambiwa nini?"

Jumatano uso wa Bi Wanu uliiva ukawa mwekundu. Alimpigia simu Ubwa, naye akamjibu kwamba hiyo ni dalili dawa inafanya kazi, azidishe. Akazidisha. Yusra alikwenda kumhadithia Sumaiya, wakacheka tena.

Ijumaa asubuhi hakukuwa na mtu mbele ya kioo. Yusra alimkuta Bi Wanu amekaa kitandani, uso umevimba, ngozi inabambuka, macho yamekaribia kufumba.

"Yusra, mwanangu, nishike mkono," alisema kwa sauti ndogo. "Sioni vizuri."

Cheko lote lilimkauka Yusra. Alimfunika mtandio, akalitia lile kopo mkobani, wakaenda hospitali.

Daktari wa ngozi aliitwa Bi Ulfat. Yusra alimwamkia, "Shikamoo," naye akaitikia, "Marahaba," bila ya kuyaondoa macho kwenye kopo. Alilishika kwa ncha za vidole, kama anayeshika panya aliyekufa.

"Siku saba!" alisema kwa kebehi alipoelezwa ahadi ya Ubwa. "Ngozi huchukua wiki nne au zaidi kujivua na kuota upya, huyo muuzaji anairudishia ujana kwa siku saba! Huyu hauzi dawa, anauza moto. Kopo hili nitawapa wakaguzi wa dawa."

Alimsafisha Bi Wanu uso, akampa dawa na kumwamuru apimwe mkojo kuangalia kama zebaki imeingia mwilini. Kisha akamweleza taratibu.

"Ndani ya ngozi mna nyuzi zinazoikaza. Umri unazipunguza kidogo kidogo, na hilo halina aibu. Jua na moshi wa sigara ndivyo vinavyoziharibu haraka. Mafuta ya kuzuia jua, mafuta ya kulainisha, mwavuli: hivyo vinasaidia. Zipo dawa zenye vitamini A, na zipo sindano na miale maalumu ya mwanga, lakini hizo ni kazi ya daktari. Zinapunguza makunyanzi. Hazifuti miaka."

Halafu akauliza, "Nyumbani hapakuwa na mtu wa kukuonya?"

Yusra aliinamisha kichwa. Machozi yalimdondoka. "Mimi nlijua. Mwalimu katufundisha. Sikusema. Nlimuona mjinga, nkamcheka."

"Sikuwa natafuta urembo," alisema Bi Wanu. "Meneja wetu mpya kasema wageni wa hoteli hawataki kupokewa na uso wa kizee. Baada ya miezi miwili atanihamishia stoo ya mashuka. Miaka kumi na minne nimekaa mapokezi, Yusra. Nliogopa."

Majibu ya vipimo yalikuwa mazuri, na baada ya wiki sita uso ulipona. Ulikuwa na makunyanzi yale yale. Bi Wanu alikwenda nao moja kwa moja kwa mwenye hoteli, akamuuliza kama kazi ya miaka kumi na minne aliifanya kwa mashavu au kwa akili. Mwenye hoteli hakuwa na habari ya maneno ya meneja. Alipoyasikia, aliamuru Bi Wanu abaki mapokezi.

Jioni ile, Yusra akichambua mchele, Bi Wanu alikaa karibu naye.

"Yusra."

"Naam, Mamdogo."

"Kunicheka nshakusamehe. Uso wangu hata mimi nliucheka. Lakini ulikuwa na neno moja la kuniokoa, ukalifungia mdomoni kwa sababu uliniona si mtu wa kuambiwa. Dharau hasa ni hiyo. Ubwa alinidharau akaniuzia sumu, meneja akanidharau akataka kunificha stoo, nawe ukanidharau ukanyamaza. Wao si damu yangu. Ukijua jambo la kumkinga mtu, mwambie, hata kama humpendi, hata kama unamuona mjinga. Akikataa kusikia, hilo ni lake. Kunyamaza ni lako."

Bi Wanu akausogeza ungo katikati yao, wakaendelea kuchambua pamoja.