Mbili ya Ugenini

Ylva Sandin aliruka foleni ya soseji nje ya uwanja wa mpira, na pale Gothenburg ni afadhali umwibie mtu mke kuliko kumwibia nafasi yake kwenye foleni.

"Dada, mkia wa foleni uko kule," alisema mwanamume wa nyuma yake, skafu ya rangi ya damu ya mzee imempanda hadi masikioni.

"Kaka, mimi ni mkunga. Nimekesha nikiwaambia watu wasukume. Usitake nianze na wewe."

Mwanamume huyo, Torkel Brännman, dereva wa tramu, ile treni ya mitaani, alicheka hadi skafu ikamshuka kidevuni. Ilikuwa Aprili, baridi bado inang'ata, na koti la mvua la manjano la yule mwanamke liliwaka kama jua lililopotea njia. Alimnunulia soseji na viazi vya kuponda, akamburuta ndani kuitazama Kvillen, timu yake. Kvillen wakashinda. Hapo ndipo walipokosea: walimpa mtu matumaini.

Ylva akanogewa na mpira, na mwenye mpira zaidi. Kwenye mkeka wa kubeti, moja ni ushindi wa nyumbani, mbili ni ushindi wa ugenini, X ni sare. Wapenzi wakazipa maana yao: moja, njoo kwangu, mbili, nakuja kwako, X, leo kila mtu kwake. Na Ylva akiwa zamu, Torkel alimtumia matokeo ya mechi kwa alama hizohizo.

"Hii moja ni mpira au ni kitanda?" Ylva alinong'ona kwenye simu, ameegemea ukuta wa wodi.

"Vyote, mpenzi. Tumeshinda, na shuka nimebadilisha."

"Iko siku utanichanganya, wewe."

"Mkunga gani anachanganywa na namba moja?"

Mei ushindi. Julai sare juu ya sare. Agosti Kvillen wakachapwa nyumbani mabao manne, na Torkel akalilia mapajani mwa Ylva kama kichanga. Penzi halikushuka kama timu. Ila kila mmoja alibaki na nyumba yake na ufunguo wake. Wasweden wana hata neno la wapendanao wa namna hiyo, na hulitaja bila haya. Torkel alilipenda neno lile. Ylva alikuwa ameanza kulichoka.

Vuli ilipoingia, hospitali ya Sundsvall ikampigia: aje aongoze wodi ya wazazi. Kaskazini huko, safari ya treni ya kutwa.

"Niambie nibaki, nitabaki," alisema juu ya kahawa na maandazi ya mdalasini. "Au niambie twende. Ila usininyamazie. Jumatatu nawajibu."

"Jumapili nitakuambia. Baada ya mechi."

"Mechi tena!"

"Ya mwisho, kipenzi. Tukifungwa, tunashuka daraja."

"Na mimi je, Torkel? Mimi hunioni ninavyoshuka?"

Jumapili ile Ylva alikuwa zamu. Torkel alikuwa uwanjani, simu mfukoni, haigusi kabisa: mwaka fulani aliwahi kupokea simu katikati ya mechi, na penalti ikaingia wakati akisema "haloo". Jibu alikuwa nalo tangu asubuhi. Sundsvall hakuna tramu, lakini mabasi yapo, na alikwisha ulizia kazi.

Kvillen hawakupata kitu, wageni wakapata moja. Kipenga kilipolia, wanaume wazima wakaketi chini. Torkel, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, akaandika neno tamu kuliko yote aliyoyajua: *2*. Nakuja kwako. Popote.

Kwenye chumba cha chai hospitalini, redio ilikuwa imetangaza muda huohuo: wageni wameshinda, Kvillen wameshuka. Simu ya Ylva ikatetemeka.

"Nimemuuliza maisha yangu," aliwaambia wenzake, sauti imepasuka, "kanijibu matokeo ya mpira."

Akaizima. Jumatatu akawakubalia Sundsvall.

Torkel akasubiri jibu. Kwao mtu hagongi mlango uliofungwa. Kusumbua ni dhambi kubwa kuliko kupoteza. Mtu aliyempigia kengele ya tramu kila mpita njia wa Gothenburg alishindwa kumpigia mwanamke mmoja.

Agosti iliyofuata, Kvillen wa daraja la pili walipelekwa kucheza Sundsvall. Torkel alisimama kwenye foleni ya soseji na skafu yake.

"Kaka, mkia wa foleni uko kule."

Koti lilelile la manjano, soseji mkononi. Kidoleni, pete ya uchumba.

"Hukunijibu, Ylva."

"Nijibu nini? Ulinitumia matokeo."

"Matokeo? Ile ilikuwa mbili yetu! Nakuja kwako! Niliulizia hadi kazi ya basi."

Soseji ya Ylva ikapinda mkononi, haradali ikatiririka juu ya manjano. Hakuna aliyeifuta.

"Mpumbavu wewe," alisema. Kisha taratibu, "Mpumbavu wangu. Ungeongeza neno moja tu."

"Nilidhani lile ndilo neno."

Akaizungusha pete. "Håkan ni mtu mwema. Anaongea sentensi nzima."

Wakacheka wote wawili, na kicheko kikawaharibikia midomoni.

Kvillen walishinda siku hiyo. Ndani ya treni ya kurudi mashabiki waliimba, na Torkel, skafu magotini, alitazama misonobari ikipita dirishani. Simu ikatetemeka. Ylva.

*X*.

Mechi haikuwa sare. Kila mtu kwake. Safari hii hakukuwa na wa kuchanganyikiwa.