Sekunde Kumi na Moja za Nesi

Uliiona. Usiangalie dari, usijifanye unatafuta kalamu iliyoanguka. Ile video ya nesi ilipita mkononi mwako kama ilivyopita mikononi mwa wengine wote. Ukasema "Mh!", ukamtumia mwenzako, kisha ukaenda kula. Na asubuhi ile benchi la zahanati lilipobaki tupu, ulipita pale na begi lako la shule, ukaliona, ukageuza shingo. Wewe umeshasahau. Mimi sijasahau hata siku moja, wala hata mtu mmoja. Kaa basi, nikueleze ilikotoka.

Ilitoka katika nyumba ya msusi. Nyumba hiyo ilikuwa na simu moja na watu watatu wa kuigombea. Mchana ilikuwa ya mama, aliyeitundika kwenye msumari kando ya kioo ili wateja wampate. Jioni ilikuwa ya binti yake mkubwa, mwanafunzi wa mwaka wa pili chuo kikuu, aliyekuwa akisomea mawasiliano, habari na teknolojia ya dijitali. Katikati, mteja wa mwisho akishaondoka na dada hajarudi, ilikuwa ya mdogo wake wa darasa la sita kwa nusu saa, asome kazi ya nyumbani iliyotumwa na mwalimu. Huyu mdogo alikuwa na miaka kumi na miwili. Mtaa mzima ulimwita Redio, kwa kuwa habari haikuwahi kulala ndani yake.

Utauliza: mtu anasomeaje habari chuo kikuu kwa simu ya mama yake? Uliza! Ndilo swali ambalo wakubwa hawapendi uulize. Chuo kilikuwa na studio. Ndani mlikuwa na kamera mbili, taa, na kompyuta sita zikiwa bado na nailoni zake. Mlangoni palikuwa na kufuli, maana studio ilikuwa inamngoja mgeni rasmi aje kukata utepe, na mgeni rasmi alikuwa na shughuli nyingi, mwaka wa pili sasa. Wanafunzi waliichungulia dirishani, wakaenda zao. Dada mtu akabaki kurekodi masomo yake kwa simu inayonuka mafuta ya nywele.

Siku moja mhadhiri aliwapa zoezi gumu. Kila mmoja amhoji mtu anayeaminika, kisha ayakate maneno yake mpaka aseme asichokisema. Mahojiano kamili na kipande cha uongo vionyeshwe darasani pamoja, wajadili, halafu kile cha uongo kifutwe mbele ya wote. "Asiyeijua sumu hawezi kuitibu," mhadhiri alisema.

Dada alimchagua nesi wa zahanati, mama wa makamo aliyewachanja nusu ya watoto wa mtaa ule, Redio mwenyewe akiwamo. Alimrekodi zahanati jioni moja, kisha akakaa na Redio mkekani nyumbani, simu ikiwa imeegemezwa kwenye kopo la mafuta. Nesi alionekana ameketi mbele ya jokofu la chanjo, akizungumza polepole kama kawaida yake:

"Kuna watu wanapita wakisema chanjo ya surua inawadhoofisha watoto. Eti hata sisi manesi wenyewe hatuwapeleki watoto wetu. Huo ni uongo mtupu. Wangu watatu nimewachanja hapa hapa, kwa mkono huu."

"Sasa tazama," dada akasema. Kidole chake kikaenda huku, kikarudi kule. Nesi akaonekana tena, uso ule ule, jokofu lile lile: "Chanjo ya surua inawadhoofisha watoto. Hata sisi manesi wenyewe hatuwapeleki watoto wetu." Sekunde kumi na moja.

"Heee! Dada, umemgeuza!"

"Kwa dakika nne tu. Ndiyo maana tunafundishwa kuogopa mkasi."

"Mkasi uko wapi? Mbona mimi naona kidole?"

"Kidole ndicho mkasi, we Redio. Na chako kikae mbali."

Dada akanakili vipande vyote kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, aende nayo chuoni. Vilivyobaki ndani ya simu alisema angevifuta kesho. Hilo lilikuwa kosa lake, sitamfichia. Kesho yake chuoni alikifuta kipande cha uongo kwenye kadi, darasa zima likishuhudia. Cha kwenye simu kilikuwa kingali kwenye simu.

Mchana huo huo, shuleni, kiranja wa darasa la sita alimwita Redio mbele ya wasichana wenzake.

"Eti dada yako anasomea nini vile?"

"Mawasiliano, habari na teknolojia ya dijitali."

"Yaani selfi! Miaka mitatu ya selfi, na joho juu!" Wakacheka mpaka wakashikana mabega. "Kaka yangu anasomea uhandisi, atajenga madaraja. Wenu atajenga nini, stetasi?"

"Leo utaona," Redio alisema, machozi yakimlenga. "Nipe namba ya nyumbani kwenu."

Katika nusu saa yake ya jioni alituma kwanza mahojiano kamili. Nia yake, kwa kweli, ilikuwa kuonyesha kwamba dada yake ni mtangazaji kamili. Lakini mahojiano yalikuwa ya dakika sita na bando lilikuwa limebaki kiduchu. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kikagoma. Akajaribu kile kifupi. Kikapita kufumba na kufumbua.

Alijua kuwa ni cha uongo. Tusimwoshee uso kwa sababu ni mtoto. Alijiambia, "Kesho nitamweleza kwamba ni zoezi." Kisha, ili dada asijue, akafuta video ile na alama zote za kuituma. Alidhani kilichofutwa kwenye simu ya mama kimefutwa duniani.

Kiranja alimwonyesha shangazi yake. Shangazi hakuuliza ni zoezi au ni nini, akatuma kwa kundi la wapangaji. Wapangaji wakatuma kwa wauza mboga, wauza mboga kwa wazazi wa shule, na wazazi wa shule kwako. Redio alipomfuata kiranja kesho yake kumweleza, kiranja alimjibu, "Mbona imeshafika kwa kila mtu? Wewe nyamaza tu, na mimi ninyamaze."

Wakanyamaza.

Jumatano ndiyo ilikuwa siku ya chanjo. Kwa kawaida benchi la zahanati hujaa saa moja asubuhi na wengine husimama ukutani. Jumatano ile nesi alifungua mlango, akapanga vifaa vyake, akaketi. Mpaka saa sita alikuwa ameingia mtu mmoja tu, tena kuuliza choo.

Alasiri, mke wa fundi viatu alikuwa kwa msusi, nusu ya kichwa imesukwa, mwanawe wa miezi tisa mapajani. Miezi tisa ndiyo umri wa sindano ya kwanza ya surua.

"Huyu wangu haendi," alisema. "Nesi amesema kwa kinywa chake."

"Ulimsikia wewe?" mama akauliza, kitana mdomoni.

"Nimemwona, mwenzangu! Midomo inatembea. Mtu anaweza kusingiziwa maneno, lakini midomo yake je?"

Redio alikuwa amesimama pale pale akimpa mama yake nywele za kusukia, fungu moja moja.

"Na hii Redio leo vipi, haina matangazo?" mama akatania. "Betri zimekwisha?"

Wakacheka. Redio akatoa fungu jingine la nywele. Sentensi moja tu ingetosha, hata sentensi mbovu. Hakuisema. Mtoto alimchekea, akajaribu kumvuta kidole.

Siku mbili baadaye nesi alikuja mwenyewe, barua ya wakubwa wake mkononi, inayomtaka ajieleze. Hakugombana. Alisimama mlangoni akamwambia dada mtu, "Mwanangu, ni wewe tu uliyewahi kunirekodi. Nilikukosea nini?"

Dada alipiga magoti. "Nesi, niliifuta darasani, kila mtu aliona!" Akaitafuta video kwenye simu ya mama. Haikuwamo, naye akadhani aliifuta mwenyewe. Wakaamini kuwa mwanafunzi mwenzake aliiiba chuoni. Chuo hakikutaka maneno. Studio ilikosa ufunguo miaka miwili, lakini barua ya kumsimamisha dada mwaka mzima ilipata muhuri kwa siku mbili.

Wiki zikapita. Dada akawa anaosha vichwa vya wateja wa mama. Usiku alilia akiwa ameelekea ukutani. Redio akampa leso.

Katika wiki ya tano surua iliingia mtaani. Ilianza kwa wapangaji, watoto wawili, kisha watano. Mtoto wa fundi viatu akapata homa, vipele, macho mekundu, halafu masikio yakatoa usaha. Alikaa hospitali kubwa siku tisa. Aliporudi, msusi na Redio wakaenda kuwapa pole.

"Homa imekwisha," mama yake alisema. Alikuwa amekonda yeye kuliko mtoto. "Ila nikimwita hageuki."

Fundi viatu aliinua nyundo, akaigonga kwenye sufuria nyuma ya kichwa cha mwanawe. Kila mtu akashtuka. Mtoto aliendelea kuchezea kamba ya kiatu.

Redio alitoka mbio. Mama alimkuta nyumbani amejikunyata kwenye kiti cha wateja.

"Mama, ni mimi."

"Wewe umefanya nini?"

"Video. Ni mimi niliyeituma. Dada hakuibiwa."

Dada alikuwa amesimama na beseni la maji. Akaliweka chini taratibu, kana kwamba likimwagika mambo yatazidi kuharibika.

"Wiki saba," alisema. "Wiki saba unaniona nikilia, Redio, na unanipa leso?"

Hakumgusa. Afadhali angempiga.

Jioni hiyo hiyo mama alimshika Redio mkono mpaka zahanati. Redio alieleza yote: selfi, bando, kiranja, nywele alizokuwa akitoa. Alipomaliza akasema, "Nipige, nesi."

"Nikikupiga utalia, mimi nitachoka, na benchi litabaki vile vile," nesi alijibu. "Mahojiano yangu kamili mnayo?"

Yalikuwamo kwenye kadi ya dada. Wakayatuma usiku huo kwa makundi yale yale. Unajua waliyatazama watu wangapi? Kumi na wanane. Watu waliomeza uongo wa sekunde kumi na moja bila kutafuna walisema dakika sita ni ndefu mno. Na wewe ulikuwa miongoni mwao.

"Basi tutakwenda kwa miguu," nesi akasema.

Wakaenda, Jumamosi tatu, nyumba kwa nyumba: nesi, msusi, dada na simu, Redio mbele. Kila mlangoni Redio alitakiwa kusema kwa kinywa chake.

"Shikamoo. Ile video ya nesi ni ya uongo. Niliituma mimi."

"Marahaba. Siku ile video, leo video," mzee mmoja alimkemea. "Sasa tushike ipi?"

"Video iache, babu," Redio akasema. "Nishike mimi. Mtu hajiaibishi hivi kwa uongo."

Wengine walifungua. Wengine walimwita muuaji, naye akasimama akasikiliza. Nyumbani kwa kiranja pazia lilisogea, likarudi, na hakuna aliyetoka. Kwa fundi viatu Redio alishindwa kusema. Mke wa fundi alimwinua mwanawe, akampakata.

"Sikulaani," alisema. "Lakini usiniombe msamaha leo. Sina."

Jumatano iliyofuata walikuja watoto kumi na tisa. Ile nyingine walikuwa arobaini na saba, wakasimama mpaka nje ya uzio. Nesi alirudishiwa heshima yake kwa barua ya mistari miwili. Chuo kilimrudisha dada muhula mmoja ukiwa umeshapotea, bila neno la samahani, na studio bado imefungwa. Mtoto wa fundi viatu amepimwa mara tatu na mabingwa. Masikio hayatarudi.

Mchana wa siku ile ya watoto arobaini na saba, Redio alikuwa akimsaidia nesi kufuta meza. Aliuliza, "Nesi, sasa yameisha?"

"Kwangu yameisha. Kwa yule mtoto hayaishi." Nesi alivua glovu, akaketi kumtazama usoni. "Sikiliza, mwanangu. Kutuma ulituma kwa upumbavu, na upumbavu wa mtoto unasameheka. Kilichomdhuru yule mtoto ni siku zile ulizojua ukanyamaza. Ukweli ukiusema siku ya kwanza unakugharimu aibu ya dakika mbili. Ukiuchelewesha, gharama yake analipa mwingine, tena asiye na kosa. Kabla hujatuma, uliza ni kweli? Na ukishakosea, sema leo, hata kama unatetemeka."

Hayo aliambiwa Redio, naye ameyashika. Sasa nakugeukia wewe.

Kiranja alivuta pazia. Shangazi yake hajasema neno mpaka leo. Wapangaji, wauza mboga, wazazi wa shule, kila mmoja anasema, "Mimi nilituma kwa watu wawili tu." Na wewe ulituma kwa wangapi? Unawakumbuka. Basi funga kitabu hiki. Usisubiri kengele. Nenda kwa wa kwanza kati yao, simama mbele yake, sema, "Nilichokutumia kilikuwa uongo," kisha nenda kwa wa pili. Inuka. Mbona bado umekaa?