Alama Mia za Nusu Lita

Nyumba yetu na ya Kohinur zinatumia ua mmoja, na kati yetu kuna ukuta wa bati tu. Kwa ujirani huo yeye huniita dada, nami humwita wifi. Kila asubuhi nilimsikia binti yake, Jhumur, akikariri masomo. Alikuwa na miaka kumi. Baba yake alishona nguo kiwandani Dhaka, akirudi sikukuu kwa sikukuu.

Darasani Jhumur alikuwa Namba Moja. Kwetu, anayeongoza mtihani wa Desemba huandikwa wa kwanza kwenye rejista ya mwaka mpya, na namba hiyo humganda kama jina. Hata Kohinur sokoni aliitwa Mama Namba Moja. Akisikia hivyo, shingo ilimrefuka.

Siku moja, karibu na mtihani wa katikati ya mwaka, Jhumur alikuwa akikariri jibu la somo la afya kuhusu ORS, ile chumvi ya kumrudishia maji mwilini mtoto anayeharisha.

"Koroga pakiti moja nzima ya ORS katika nusu lita ya maji safi." Kisha akauliza. "Mama, nusu lita ni kiasi gani?"

"Hilo litakuja kwenye mtihani?"

"Hapana."

"Basi andika 'nusu lita', uchukue alama zako. Maswali yako yatatumaliza!"

Nilikuwa nafua pale uani, nikacheka. Mimi, Mahmuda, ndiye mhudumu wa afya wa kijiji. Chupa ya kupimia nilikuwa nayo mkobani. Sikuinuka, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Jhumur alipata mia kwa mia. Kohinur akagawa peremende ua mzima, nami nikala yangu.

Mafuriko ya mwaka huo yalipoanza kupungua, mtoto mdogo wa Kohinur, Shihab, akaanza kuharisha. Alikuwa na mwaka mmoja tu. Kufikia saa nne asubuhi alikuwa ameharisha mara sita. Kohinur alimpakata, hawezi hata kumweka chini.

"Jhumur! Koroga ORS! Si unaijua wewe?"

Jhumur akakoroga. Shihab akanywa, akatapika. Akalilia maji tena kwa kiu kali, akapewa yale yale. Ndipo Kohinur akaniita kwa sauti iliyonitoa mbio.

"Dada Mahmuda! Mtoto anazidi!"

Macho ya Shihab yalikuwa yameingia ndani. Alilia bila machozi. Nikabana ngozi ya tumbo lake, ikarudi taratibu. Nikachovya kidole kwenye glasi, nikaonja. Maji ya ORS hayatakiwi kuzidi chumvi ya machozi. Haya yalikuwa makali, nikayatema.

"Nani amekoroga?"

"Mimi, shangazi." Jhumur alisimama wima kama yuko mbele ya mwalimu. "Koroga pakiti moja nzima ya ORS katika nusu lita ya maji safi. Mpe mtoto kidogo kidogo..."

"Vizuri. Hii glasi ni nusu lita?"

Akaitazama glasi.

"Sijui."

Kohinur akainua mkono. "Hujui? Si ulipata mia kwa swali hili?"

Nikaudaka mkono wake. "Usimpige, wifi. Aliuliza. Tulimsikia wote wawili, wewe ukamfokea, mimi nikacheka."

Mkono ukashuka. Kohinur akamkumbatia Shihab akaanza kulia.

Nilimwaga ile glasi. Nikatoa chupa yangu. "Jhumur, jaza mpaka kwenye mstari huu. Hiyo ndiyo nusu lita. Ni glasi ngapi?"

Akamimina na kuhesabu. "Mbili! Shangazi, nilimpa chumvi maradufu!"

"Ndiyo. Ikizidi, inamzidishia kiu na kumdhuru. Ikipungua, haimsaidii. Sasa koroga tena, umpe kijiko kimoja kimoja. Wifi, mnyonyeshe pia. Mimi naita guta la matairi matatu, twende hospitali. Mtoto wa hali hii hasubiri nyumbani."

Njia nzima Jhumur alimpa kijiko kimoja kimoja, bila kumwaga tone. Daktari alimshughulikia Shihab mpaka jioni. Mtoto alipokojoa, dalili kwamba maji yamemrudi mwilini, Kohinur alicheka na kulia kwa pamoja.

Tulipokuwa tukirudi aliniuliza, "Dada, kwa hiyo alama hazina maana?"

"Zina maana. Zinaonyesha mtoto ameandika nini. Kama ameelewa, utajua akikuonyesha kwa mikono, na akiuliza. Kuuliza si ujinga."

Tangu hapo Kohinur hakumkatiza tena Jhumur akiuliza. Jibu asilolijua, walikuja kulitafuta kwangu au kwa mwalimu. Novemba, vitabu vikiwa wazi mkekani, Jhumur alizunguka nyumba kumi na moja na chupa yangu. Alipima majagi yote, akachora mstari wa nusu lita kwa rangi ya kucha ya mama yake.

"Na mtihani?" nikamchokoza Kohinur.

"Acha amalize majagi," akasema, ingawa nilimwona akitafuna ncha ya ushungi.

Desemba Jhumur alikuwa wa nne; wa kwanza alikuwa Nilufa wa darasa lao. Pale sokoni, mwanamke mmoja muuza vitunguu akamwita Kohinur kwa sauti kubwa. "Wewe Mama Namba Moja! Namba imekwenda wapi?"

Kohinur alimpandisha Shihab kiunoni.

"Iko kwa akina Nilufa, nimewapongeza," akajibu. "Mimi ninao watoto wangu wawili, wote wazima. Nipimie vitunguu."