Kompyuta Isiyopita Dirishani

Kompyuta ilikuwa imetoweka. Kioo cha dirisha kilikuwa vipande sakafuni, na mezani zilibaki nyaya tu.

"Mchezo wetu wote ulikuwa humo," alisema dada, mwenye ofisi. "Hata diski ya akiba wamebeba. Kesho nawakabidhi wanunuzi. Nisipokabidhi, miaka minne imekwenda na maji."

Inspekta, ambaye kituoni walimwita Mama Futi kwa vile futi ya kupimia haikumtoka mfukoni, alichungulia dirishani. Nondo zilikuwa imara, ila moja ya chini ilikatika zamani, ikaacha pengo.

"Wamepitisha hapo," dada alisema.

"Labda. Wezi wana ufundi mwingi, ila sijaona anayekunja bati kama nguo."

Akamgeukia mdogo wake dada, kijana aliyeunda kila ngazi na kila kiti cha mchezo huo kwa programu huria, ile ambayo yeyote huipata bure na kuichokonoa apendavyo. Humo kila kitu huwa na unene na kipimo chake, kama kilichochongwa.

"Kasha la kompyuta unalo humo?"

"Ninalo. Nililibuni mwenyewe."

"Basi niundie na dirisha. Futi hii, pima wewe."

Inspekta mwenyewe alikuwa ameshapima kimyakimya. Mtego bila chambo haunasi.

Kijana alipima, akaketi kwenye kompyuta yake ya mkononi. Dirisha likasimama kwenye skrini. Akalilaza kasha, akalisimamisha, akaligeuza ubavu. Kila mara palipogongana na nondo pakawaka wekundu.

"Haipiti," alisema mwenyewe, polepole.

"Basi imepita mlangoni, na kufuli halina hata mkwaruzo. Nani ana ufunguo?"

"Mimi na yeye," dada alijibu. "Na mimi nililala kwa wanunuzi."

"Najua. Nimewapigia." Inspekta alivuta kiti karibu na kijana. "Ungepanua pengo sentimita tatu tu, ungenisumbua. Mbona hukupanua?"

"Niliandika namba hiyo, nikafuta. Sijawahi kuunda uongo humu."

"Iko wapi?"

"Chini ya kitanda changu. Na diski."

Dada alimkazia macho. "Wewe? Kwa nini?"

"Nyumba ile ya kwenye mchezo ni ya mama yetu. Nimeiunda kwa kumbukumbu, mpaka kizingiti alichokuwa akijikwaa kila siku. Wanunuzi wako wanataka vita. Mchezaji hapati pointi mpaka ailipue." Alifunga kompyuta yake. "Nilikuambia. Ukasema nitazoea."

Dada aliona aibu, akashindwa kuificha. Ni kweli alisema hivyo, tena huku akijibu simu.

Inspekta hakugusa pingu; alimgeukia dada. "Mlalamikaji ni wewe, mwanangu. Niandike nini?"

Dada alichukua simu, akawapigia wanunuzi.

"Nyumba haiuzwi," alisema. Akasikiliza kwa muda mrefu. "Ndiyo, najua nilisaini. Haiuzwi."