Hodi kwa Mtunzi

Jumamosi hiyo maji yalikuja asubuhi, na kwenye ploti yetu ya kupanga hapa Kware maji yakija huna mipango mingine. Nilifua mpaka kamba za roshani zikajaa, nikaweka githeri jikoni, kisha nikafuatana na mdogo wangu Ndunge hadi ukumbi wa kanisa kwa sababu aliniomba nimbebee chupa ya chai. Redio ya mtaa ilikuwa inakuja kuwahoji wanamuziki wa okestra ya vijana. Muziki wao mimi siujui. Nashona sare kiwandani na nyumbani nina watoto. Lakini haya mengi yalipita mbele ya macho yangu, na yale nisiyoyaona niliyasikia kwa masikio yangu.

Ndunge na rafiki yake Adongo walikuwa wakitumia vayolini moja. Ilikuwa mali ya okestra, na nzuri kama hiyo haikuwepo nyingine, kwa hivyo wiki moja ililala kwetu, wiki ya pili ikalala Kaloleni kwa kina Adongo. Kila ilipotoka kwa Adongo, Ndunge aliikuta nyuzi zote zimelegezwa, ikambidi aanze kuzikaza upya. Nilimwambia huyo rafiki yako ana kijicho. Akasema nyuzi hulegea zenyewe kwa baridi. Sijui ni baridi gani hiyo inayokaa Kaloleni tu.

Aliyewafundisha wote wawili ni Mwalimu Luseno, mzee wa Vihiga aliyeongoza kwaya ya kanisa hilo mpaka alipofariki mwaka jana. Aliacha utunzi mmoja wa vayolini peke yake, mgumu, ambao hakuupa jina. Kulikuwa na tamasha la kumkumbuka linakuja, huko mjini, na mtu mmoja tu ndiye angeucheza. Wiki hiyo walikuwa wamemchagua Ndunge. Adongo alimkumbatia mbele ya watu. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya Ndunge, kwa hivyo uso wa Adongo niliuona.

Mtangazaji alikuwa msichana mchangamfu, Shirleen, mwenye mashine ndogo ya kurekodi ambayo aliiweka juu ya kiti katikati yao. Aliwauliza mtu hufanya nini anapocheza kazi ya mtunzi ambaye alishakufa. Ndunge alisema yeye hujaribu kujificha, ili anayesikika awe mtunzi na si yeye. Adongo akacheka.

"Mimi sijifichi," alisema. "Marehemu hana vidole. Bach wa Ujerumani hata hajui Kware iko wapi. Anayetoka jasho ni nani?"

Watu wakacheka, hata mimi. Kisha Shirleen akauliza kuhusu desturi ya Mwalimu Luseno, kwa maana alikuwa ameisikia. Ndunge akamweleza. Mwalimu aliwafundisha kwamba utunzi ni nyumba ya mtu. Kabla ya kugusa nyuzi unapiga hodi, unataja jina lako. Ukimaliza unaaga. Ukikosea katikati, Mwalimu aligonga benchi kwa ufunguo wa ukumbi, ngo, nawe unarudi mwanzo. Hodi na kwaheri hakuna aliyethubutu kuziacha, hata baada ya mazishi yake.

"Na usipoaga?" Shirleen akauliza.

"Mwalimu alisema utakuwa bado uko ndani," Ndunge akajibu.

Baada ya hapo tulitoka nje kunywa chai. Adongo alisema hana kiu. Tulimwacha mle ukumbini na vayolini, na mashine ya Shirleen juu ya kiti. Tukiwa nje tulimsikia akicheza kidogo, kisha akakatiza. Ndunge alikuwa amenishikia kikombe. Kikombe kilimponyoka.

Nilidhani ni uchovu tu.

Jumapili hakuitika nilipomwita. Alikuwa amekaa kitandani, macho wazi, mkono wa kushoto juu ya paja, na vidole vyake vinabonyeza, vinaachia, vinabonyeza. Nilimpa uji, akaunywa ukiwa umepoa. Kila mlango aliofika alisimama nje na kupiga hodi kwa sauti ndogo, hata mlango wa choo, mpaka mtu amwambie karibu. Binti yangu Kaluki aliona ni mchezo, akawa anamwitikia. Nilimkataza.

Nilimpeleka hospitali. Daktari alimpima, akasema ni msongo wa mawazo, apumzike. Alipumzika. Vidole havikupumzika. Ncha zake zikachimbika mistari kama ya nyuzi, kisha zikaanza kutoa damu, na wiki hiyo vayolini ilikuwa Kaloleni. Nilizifunga kwa kitambaa. Alibonyeza juu ya kitambaa.

Jumatano alasiri nilikuwa nakunja nguo karibu naye. Nikasikia mlio kwenye ubao wa kitanda. Ngo.

Ndunge alishtuka. Vidole vikasimama. Kisha vikaanza upya.

Nilipiga magoti, nikachungulia uvunguni. Ndoo, viatu vya watoto, basi. Nilimnong'onezea sikioni, nikamuuliza yuko wapi.

"Kwa Mwalimu," alisema. "Ana vyumba vingi, dada. Hajanionyesha mlango wa kutokea."

Kesho yake Shirleen alikuja kwetu. Hakujua kama kuna mgonjwa. Alikuwa anatayarisha kipindi, akataka tu kuuliza jina la yule mzee aliyekuwa ukumbini wakati wa chai, ili amtaje hewani. Nilimwambia hakukuwa na mzee. Akanipa vipokea sauti vya masikioni, akabonyeza mashine.

Nilisikia viatu vyetu vikitoka. Mlango ukafungwa. Kisha sauti ya Adongo, ya chini, karibu kabisa na mashine.

"Hodi, Mwalimu. Ni mimi, Ndunge."

Na mzee, mwenye kikohozi kile ambacho mtaa mzima ulizoea kukisikia Jumapili, akajibu.

"Karibu, Ndunge."

Baadaye ikafuata vayolini. Ililia kidogo, ikakatika. Kiti kikasukumwa. Hakuna aliyeaga.

Nilimrudishia Shirleen vitu vyake, nikamwomba asiitangaze sauti hiyo. Kisha nikafunga leso, nikaenda Kaloleni kwa miguu. Adongo alikuwa anakatakata mboga ya sukuma mlangoni kwao. Sikumsalimu. Nilimwambia alimwingiza mtoto wa watu, sasa amtoe.

Hakukana. Alisema hakuamini kama kuna kitu kitatokea. Alitaka tu Mwalimu amchoke Ndunge, amsikie akicheza vibaya kwa jina lake, ili siku ya tamasha vidole vimkatae.

"Mimi na Ndunge tulianza siku ileile, Mama Kaluki," alisema, bado anakata. "Mwalimu alinigongea ufunguo kila siku ya Mungu. Ndunge akicheza, Mwalimu alifumba macho tu, akamsikiliza. Unajua hiyo inauma vipi?"

Nilimwambia abebe vayolini.

Tulifika kwangu jua likiwa bado kali. Niliwatuma watoto kwa jirani, nikafunga mlango. Ndunge alikuwa kitandani, baridi kama sakafu. Midomo yake ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu. Nilimwambia Adongo apige hodi kwa jina lake mwenyewe safari hii, acheze mpaka mwisho, kisha aage kwa niaba ya wote wawili. Nilikuwa nabahatisha. Sikuwa na mwingine wa kumuuliza.

Adongo alikaza nyuzi. Akaweka vayolini begani.

"Hodi, Mwalimu. Ni Adongo. Nimekuja kumchukua Ndunge."

Hatukusikia jibu. Lakini pazia la mlango wa jikoni lilisogea, kama mtu amelishika kumpisha mgeni.

Akaanza kucheza. Nimesema muziki wao siujui. Huo niliujua. Nje ya dirisha nguo za majirani kwenye kamba zilitulia, na chini mtaani yule anayeuza sabuni kwa kipaza sauti alinyamaza. Nilikuwa nangojea ufunguo. Nilisubiri ngo. Haikuja. Adongo naye alikuwa anaisubiri, nilimwona, shingo imekakamaa. Kadiri ilivyozidi kutokuja, ndivyo shingo ilivyolegea. Alifunga macho.

Akafika mwisho.

"Kwaheri, Mwalimu," alisema. "Ndunge ametoka."

Ndunge alivuta pumzi kama mtu aliyetolewa majini. Akaomba maji. Nilimshika kichwa, nikamnywesha, kisha nikageuka kumwambia Adongo aage na yeye.

Upinde ulikuwa bado juu ya nyuzi. Alikuwa ananitazama, anatabasamu, machozi yanamtoka.

"Hajanigongea hata mara moja," alinong'ona.

Nikamwambia, aga. Nikamwambia tena. Akafunga macho, akaanza upya.

Nilimpokonya vayolini. Vidole viliendelea hewani.

Mpaka leo Adongo yuko Kaloleni kwa mama yake, amekaa kando ya dirisha, mkono juu ya paja. Mzima, ananenepa hata. Anapiga hodi milangoni. Mama yake amekuja kwetu, amelia, amemsihi Ndunge aingie amtoe mwenzake, kwa kuwa hakuna mwingine anayeujua utunzi ule. Ndunge alimjibu kwa upole kwamba ameacha muziki. Tamasha lilifanyika bila kipande hicho. Watu wa okestra hawakutaka kuijia vayolini, kwa hivyo kasha lake liko juu ya kabati langu. Nimelitia kufuli. Ufunguo nimeufunga kwenye pindo la leso ninayojifunga, usiku na mchana.

Ndunge alipata kazi ya duka. Aliacha kucha zake zikue, jambo ambalo wapiga vayolini hawafanyi, akazipaka rangi nyekundu. Lile doa jekundu wanalokuwa nalo chini ya taya, pale wanapoibana, lilififia mpaka likaisha. Nilifurahi. Nikasema tumemaliza.

Halafu wiki jana nilimkuta amesimama juu ya stuli, sikio kwenye kasha. Nilimuuliza anafanya nini.

"Amefika ile sehemu ya katikati," alisema. "Mimi pale nilikuwa nakwama. Mwalimu hamgongei."

Nilimwambia ashuke. Alishuka, lakini uso wake ulikuwa ule niliouona kwa Adongo siku ya kukumbatiana.

"Kile kipande nilichaguliwa mimi, dada," alisema. "Si yeye."

Leo maji yamekuja. Tulikuwa tunaanika pamoja, yeye upande wake wa kamba, mimi wangu. Akanyoosha mikono kubana shuka. Kucha za mkono wa kulia ni ndefu, nyekundu. Za kushoto zimekatwa hadi kwenye nyama.

Niliingia ndani. Kasha liko juu ya kabati, kufuli imefungwa, vumbi la wiki nzima halijaguswa. Ufunguo upo kwenye pindo. Nilirudi nje nikamshika kidevu, nikamgeuza kwenye mwanga.

Chini ya taya la kushoto doa limerudi. Jekundu, bichi, bado lina unyevu wa jasho.