Bwana Harusi Haruhusiwi Kusema

—Kijana wetu iko na roho nzuri, wazee! Bengine banatafuta barembo wa kucheza nabo. Ye amechagua kilema chenu, amufute machozi!

Wageni kutoka Nyakabuye wakapiga makofi. Tonton Mutabazi, mjomba wa bwana harusi na msemaji wa upande wake, akainamisha kichwa kama askofu anayepokea sifa.

Chumbani, nyuma ya pazia la dirisha, Laurence, binti anayeombwa, alikaa na mushanana, vazi lake la sherehe, begani, magongo yake mawili yameegemea ukuta. Mila inataka binti asionekane mpaka wazee wakubaliane. Kuhusu masikio, mila haikusema kitu.

—Machozi gani? akamuuliza binamu yake Gasaro. —Cyusa alikuja dukani kwangu kununua kitenge kimoja, akatoka na vitatu. Ye njo angelia, si mi.

—Si ulimuomba amuambie tonton yake asikuite vile?

—Nilimuomba. Akajibu, "Sawa, chérie."

Akachukua simu, akaandika: «Cyusa, umesikia? Niko na jina. Ukinyamaza leo, utanyamaza na mbele ya batoto wetu. Mi sitoki humu.»

Chini ya hema, bwana harusi Cyusa akasoma, kisha akatazama viatu vyake kana kwamba jibu limeandikwa huko. Tumtendee haki: siku ya kuomba bibi harusi, wazee ndio husema. Kazi ya bwana harusi ni kutoka jasho ndani ya koti.

Mzee Hakizimana, baba mdogo wa Laurence, akasimama kujibu. Kwa desturi, upande wa binti hukataa kwanza, kwa mzaha.

—Bageni, mumepotea njia. Hapa kwetu hakuna kilema.

Hema lote likacheka.

—Mzee anatutania! akasema Mutabazi. —Si ule wa magongo!

—Hatuna, akarudia Mzee, na safari hii hakutabasamu. —Mumalize Fanta zenu. Njia ya Nyakabuye munaijua.

Kicheko kikakatika. Laurence akashika pazia. Cyusa akasimama.

—Kaa chini! akanong'ona Mutabazi, kwa mnong'ono wa kusikika hadi Bukavu. —Bwana harusi hasemi!

—Tonton, unisamehe. Mzee, nimekuya kuomba Laurence. Ana ulemavu wa mguu, anatembea na magongo, haiko siri. Lakini sikumuchagua kwa huruma. Ye njo alinihurumia, nilimubembeleza mwaka muzima! Na alinituma niseme na tonton. Niliogopa. Kosa ni yangu.

Mzee Hakizimana akageukia dirisha.

—Laurence, binti yetu, huyu muntu unamujua?

—Namujua, papa. Ni kiliya wangu, ananunuaka vitenge kwangu. Lakini tonton yake aombe upya.

Mutabazi akavua kofia. Hotuba aliyoikariri wiki nzima ilikuwa imemkimbia yote.

—Tunaomba... Laurence.

—Laurence gani?

—Laurence Mukamazimpaka. Binti yenu, mwenye duka la vitenge Kamembe.

—Aah! Huyo tunaye!

Vigelegele vikalipuka. Mlango ukafunguka, magongo yakagonga sementi, ko, ko, ko, bila haraka yoyote. Cyusa akaruka amshike mkono.

—Kaa, chéri, akasema Laurence. —Wewe umesema. Sasa acha mi nitembee.

Akakaa. Na hivyo mila ikarudi mahali pake: bwana harusi akanyamaza.